Kumfundisha Mwanafunzi Mkorofi Kujizuia

Katika shule tulizofundisha hapa Songea, ni nadra kukuta darasa lisilo na mwanafunzi mmoja au wawili wapigao wenzao na kunyakua vitu vyao. Huadhibiwa asubuhi, na kabla ya saa sita huwa wamerudia. Walimu husema watoto hao hawaogopi. Sisi twaona jibu hilo halitoshi, kwani mtoto anayehesabiwa kuwa haogopi mwisho wake huwa ni kufukuzwa shule.

Wataalamu watueleza kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, humsaidia mtu kusita, kupima matokeo na kuacha jambo aliloanza. Sehemu hiyo huchelewa kukomaa. Huendelea kukua hata baada ya umri wa miaka 20. Mwaka 2000, Adrian Raine na wenzake huko Marekani waliwapima wanaume 21 wenye tabia sugu ya kuwadhuru wengine, wakakuta chembe za kijivu za sehemu hiyo zimepungua kwa asilimia 11 hivi. Hilo halithibitishi kwamba upungufu ndio chanzo cha tabia, wala kwamba kila mtoto mkorofi ana ubongo mbovu.

Linalotufaa zaidi sisi walimu ni jaribio la Joseph Newman la mwaka 1987. Wafungwa walicheza karata za fedha. Mwanzoni walishinda mara nyingi, kisha hasara ikazidi hatua kwa hatua. Wale wenye tabia sugu waliendelea kucheza huku fedha zikiwaishia. Lakini walipolazimishwa kungoja sekunde 5 baada ya kila karata, huku wakionyeshwa hesabu yao, waliweza kuacha kama wengine. Hasara peke yake haikuwafunza. Walihitaji nafasi ya kuitazama.

Kanuni za mwaka 2002 ziliweka kikomo cha viboko vinne, tena kwa idhini ya mwalimu mkuu. Hata hivyo, kiboko huja baada ya tendo, na mtoto hubaki akifikiria maumivu. Hakimpi ile nafasi ya kusita.

Kwa hiyo sisi hulifundisha jambo hili kama tufundishavyo hesabu: kwa mazoezi, wakati mtoto ametulia. Katika foleni ya uji, anayetaka kusukuma husimama, huhesabu kimoyomoyo hadi tano, kisha hutaja alilotaka kutenda na litakalofuata. Kila anapojizuia twaweka alama daftarini mwake, naye huiona siku hiyohiyo.

Si wote waliobadilika. Mmoja wa darasa la nne angali mgomvi. Lakini sasa hukunja ngumi, husita, kisha huishusha. Ndugu mwalimu, kusita huko ni somo lililoanza kueleweka. Linastahili kuendelezwa kwa subira ileile tunayowapa wanaochelewa kusoma.