Magamba

Mteja alirudisha hindi akiwa amelishika kwa ncha za vidole. "Mama, unatulisha kutu?" Juu ya punje kulikuwa na vipande vyeusi, vyembamba kama maganda ya kitunguu. Mama alimrudishia pesa, kisha akaniangalia. Wavu ule niliutengenezesha mimi.

Wa kwanza ulikuwa wa mjomba. Amefua vyuma Kamukunji miaka mingi, na wavu ule aliuunda kwa mabomba ya ekzosi za magari mabovu: akayapasua, akayanyoosha, akachomelea. Haukupendeza. Mwaka mzima juu ya makaa uligeuka kahawia tu, basi. Lakini mimi nilikuwa nimeanza kusomea metali, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mnamjua. Nilikuja na sumaku mfukoni, ikanasa. Mbele ya wateja wake nikasema, "Mjomba, hii si stenlesi. Ni chuma tu. Unamdanganya dada yako?" Aliendelea kugonga nyundo.

Nikauza wavu kwa kilo, nikaagiza mwingine wa nondo za milimita 12. Nilidhani unene ndio dawa.

Sasa ndio nielewe nilichofanya. Chuma kitupu kikipita nyuzijoto 570 hivi hujenga gamba la tabaka tatu, na lile la ndani ndilo nene kuliko yote, limejaa nafasi ambazo atomi za chuma hupenya kama watu kwenye ua bovu. Mwaka 1929, Mwingereza L. B. Pfeil alipaka chuma unga wa oksidi ya kromiamu, akakitia motoni. Alipokipasua, unga haukuwa juu tena. Ulikuwa umezikwa ndani ya gamba. Maana yake chuma kilikuwa kimetoka nje kuifuata hewa, kikaupita. Nondo zangu zilikuwa zikitoka vivyo hivyo, kila siku, na jioni mama akizima moto gamba na chuma hujikunja kwa viwango tofauti. Pa! Linamwagika.

Ekzosi nyingi zina kromiamu kama asilimia 11 na titani kidogo, chini ya asilimia moja, inayoikamata kaboni ili isiile kromiamu. Kromiamu hujenga gamba lake jembamba, lililoshikana, na chuma hukosa njia ya kutokea. Sumaku haijui lolote kuhusu hayo. Stenlesi isiyonasa sumaku huwa hivyo kwa sababu ya nikeli, na nikeli siyo inayolinda motoni hasa.

Hata hivyo, 11 kwa 100 si kidogo. Kinachoninyima usingizi ni kidogo kabisa. Kwenye waya za koili za tanuri, zenye chuma, kromiamu na alumini, huongezwa itriamu au seriamu, pengine sehemu moja tu kwa elfu. Chembe hizo huenda kujipanga kwenye mipaka ya fuwele za gamba, zikaziba njia ya metali kutoka. Oksijeni ndiyo inayolazimika kuingia, na gamba hukua likiwa limebana mwilini. Tena huikamata salfa, ambayo hata ikiwa sehemu chache kwa milioni hukimbilia pale gamba linaposhikana na metali na kulibandua. Ukizidisha, unaharibu. (Kama chumvi, angesema mama.) Ni Pfeil huyohuyo aliyekuja kulitambua jambo hili katika miaka ya 1930.

Nilikwenda Kamukunji na karatasi yenye michoro. Mjomba macho yamepungua siku hizi, hakuitazama. Nikamwomba msamaha kwa maneno ya siku ile. Akanyamaza muda, kelele za nyundo za majirani zikijaza nafasi.

"Nilikuwa nachagua," akasema. "Si kila ekzosi."

Akachukua vipande viwili vya bomba, akavizika kwenye makaa mpaka vikawa vyekundu, akavitia majini. Kimoja kilirusha magamba, maji yakawa meusi. Kingine kilitoka na rangi ya chai.

"Hiki," akasema, akinipa kile cha rangi ya chai kwa koleo. "Nitafutie vingine kumi. Na mwambie mama yako wavu utakuwa tayari Ijumaa."

Nikauliza bei.

"Ya kwake, au yako?"