Mkono Mtupu Haulambwi: Tafakuri juu ya Ada za Uchapishaji na Msomi Chipukizi wa Fasihi ya Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa mkono mtupu haulambwi. Aghalabu methali hii huambiwa mtu anayetaka kufaidi ilhali hana cha kutoa. Katika insha hii ninanuia kuitumia kumtazama msomi chipukizi wa fasihi ya Kiswahili anapobisha mlango wa jarida la kitaaluma akiwa na mswada mkononi lakini hana ada. Suala lenyewe ni la fedha, na fedha si mada ambayo sisi wahakiki tumezoea kuijadili katika kurasa kama hizi. Tunajadili dhamira, maudhui na mtindo, kisha gharama ya kuyafikisha hayo yote kwa msomaji tunamwachia mhasibu. Hoja yangu ni kwamba anayegharimia uchapishaji ndiye anayeamua, hata pasi na kukusudia, nani aandike, aandike kwa lugha gani, na nani asome. Maadamu ni hivyo, suala hili linamhusu mhakiki sawa na linavyomhusu mhasibu.

Sizungumzi kama mtu aliye nje ya mambo haya. Nimewahi kusimama pande zote mbili za mlango huo, na upande wa pili ndio unaonisumbua zaidi.

Makala nisiyoweza kuyafungua

Nilipohitimu shahada ya uzamifu niliteua sura moja ya tasnifu yangu, iliyohusu mashairi ya Muyaka bin Haji, nikaifupisha na kuipeleka kwa jarida moja la ng'ambo. Jarida hilo halikupokea makala ya Kiswahili. Nililazimika kuyageuza mawazo yangu kwa Kiingereza, pamoja na beti ambazo nusu ya ladha yake imo katika Kimvita chenyewe. Baada ya mwaka na ushei makala yalikubaliwa. Barua ya kukubaliwa iliambatana na fomu yenye njia mbili. Kwanza, niwakabidhi wachapishaji haki zangu zote, nao wayauze makala kwa maktaba zilizolipia jarida. Pili, nilipe zaidi ya dola 2,000, na makala yafunguliwe kwenye mtandao ili kila atakaye ayasome bila kutozwa. Njia hii ya pili ndiyo niliyoelezwa kuwa ni uchapishaji huria. Kiasi hicho kilizidi mshahara wangu wa mwezi, tena kwa mbali. Nilitia sahihi kwenye njia ya kwanza bila kusita.

Muhula uliofuata nilifundisha kozi ya ushairi. Mwanafunzi mmoja wa uzamili aliniuliza angeyapata wapi makala yangu, nikamwelekeza maktabani. Alirejea akaniambia kuwa maktaba yetu haikuwa imelipia jarida lile. Nilikwenda kujaribu mwenyewe. Nikaonyeshwa ikisiri, na chini yake bei ya kusoma kilichosalia. Nilikuwa nimeandika juu ya mshairi wa Mombasa, nikilipwa mshahara na chuo cha umma cha Kenya, na mwanafunzi wa Kenya hakuweza kuyasoma niliyoyaandika. Nilimtolea fotokopi ya nakala yangu, naye akaipitisha kwa wenzake hadi maandishi yakafifia.

Nani alimgharimia Muyaka?

Baadaye nilitambua kuwa kisa changu hakikuwa kigeni kwa Muyaka mwenyewe. Muyaka alifariki yapata mwaka wa 1840. Tungo zake zilibaki katika kumbukumbu za watu wa Mombasa mpaka mmishenari W. E. Taylor, akitegemea maarifa ya Mwalimu Sikujua, alipozikusanya katika karne hiyo hiyo ya 19. Diwani iliyohaririwa na W. Hichens ilitoka mwaka wa 1940, na iliyoitoa ni matbaa ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Miswada ya Taylor na ya Hichens imehifadhiwa London. Siyasemi haya kwa kuwalaumu. Bila ya juhudi zao huenda tusingekuwa na sehemu kubwa ya Muyaka tuliye naye. Ninachosema ni kwamba aliyeweza kugharimia ndiye aliyeamua kazi iwekwe wapi, na watu wa Mombasa hawakuwa na kauli katika uamuzi huo.

Ufadhili kwa hakika si jambo geni katika fasihi yetu. Utendi wa Tambuka, ambao huhusishwa na Bwana Mwengo na mwaka wa 1728, ulitungwa Pate chini ya kivuli cha mfalme. Mfano ulio karibu zaidi na taaluma yetu ni ule wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka wa 1930 ikigharimiwa na serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Taarifa iliyotolewa na kamati hiyo ndiyo iliyokua, kwa majina tofauti tofauti, hadi ikawa jarida la Kiswahili la Dar es Salaam. Nia ya serikali za kikoloni haikuwa kumfaa msomi Mwafrika, na usanifishaji wao umekosolewa vya kutosha. Hata hivyo, utaratibu wao wa fedha una funzo. Kilichogharimiwa kilikuwa chombo chenyewe, wala si makala moja moja. Mwandishi hakuitwa pembeni akaulizwa ana kiasi gani mfukoni.

Barua niliyoitia sahihi

Miaka kadhaa iliyopita niliteuliwa kuhariri jarida dogo la humu nchini. Kwa kukumbuka yaliyonipata, niliwashawishi wenzangu tuliweke lote mtandaoni bure. Walikubali kwa furaha. Kisha hesabu zikaja. Mpangaji kurasa alitaka ujira wake, seva ilitaka malipo ya kila mwaka, na idara haikuwa na fungu lolote kwa ajili hiyo. Kamati ikaamua kila mwandishi atoe shilingi 15,000 makala yake yakishakubaliwa. Niliunga mkono uamuzi huo, na nilijiambia kuwa ada hiyo ilikuwa ndogo sana ikilinganishwa na dola zile nilizoombwa mimi.

Mmoja wa waandishi wa kwanza kuipokea barua yangu alikuwa mwanafunzi wa uzamifu aliyekuwa akifundisha kwa mkataba wa muda katika vyuo viwili. Makala yake yalihusu nyimbo za vugo, zile ambazo kina mama wa Lamu huziimba harusini. Alizirekodi mwenyewe, akaziandika, akazifafanua kwa Kiswahili kilichotulia. Wasomi wawili waliotathmini mswada waliusifu, na mmoja wao si mtu mwepesi wa kusifu. Alinijibu kwa adabu: "Mwalimu, naomba unikubalie nilipe kidogo kidogo, kwani malipo yangu ya mihula miwili bado hayajatoka." Nilimjibu kuwa utaratibu ni mmoja kwa wote. Aliushukuru uhariri, akauondoa mswada wake.

Ikumbukwe kuwa hakuwa akichapisha kwa kutafuta sifa. Miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya mwaka wa 2014 ilimtaka mtahiniwa wa uzamifu awe amechapisha makala yasiyopungua mawili katika majarida yanayotathminiwa kabla ya kuhitimu. Kwa hivyo alikwenda kwa jarida lililomwahidi kumchapisha ndani ya siku saba kwa nusu ya ada yetu. Makala yalitoka kwa Kiingereza. Nyimbo zenyewe zilikatwa ili kupunguza kurasa, na hakuna dalili kuwa mtu yeyote aliyasoma kabla ya kuchapwa. Nilipolitafuta jarida hilo mwaka uliopita, tovuti yake haikuwapo tena. Tunapowalaumu vijana kwa kuchapisha katika majarida ya kilaghai, yafaa tujiulize ni nani aliyewafungia mlango kwanza. Katika kisa hiki jibu ninalo.

Njia ya kugharimia chombo

Ziko tiba tatu zinazopendekezwa. Ya kwanza ni msamaha wa ada. Wachapishaji kadhaa wakubwa huwasamehe waandishi wa nchi maskini kabisa na kuwapunguzia wale wa nchi za kipato cha kati cha chini. Kenya ilipohesabu upya pato lake mwaka wa 2014, ilipanda kutoka kundi la kwanza hadi la pili katika orodha ya Benki ya Dunia. Mhadhiri wa muda hakupanda pamoja nayo. Nusu ya dola 2,000 bado ni dola 1,000. Isitoshe, msamaha huombwa, na aombaye hujifunza mapema kuwa yeye ni mgeni katika taaluma yake mwenyewe.

Ya pili ni kuanzisha mfuko wa kuwalipia chipukizi ada hizo. Nia yake ni njema, na sitamzuia kijana atakayeupata. Lakini mfuko wa namna hiyo humlipia mwandishi wa mwaka huu na kuiacha ada pale pale kwa wa mwaka ujao. Zaidi ya hayo, fedha hizo huishia kwa majarida yanayotoza, na haya mara nyingi hayapokei Kiswahili. Tutakuwa tunawalipa watu ili vijana wetu waihame lugha wanayoichunguza.

Ya tatu ni kugharimia jarida lenyewe ili mwandishi asitozwe wala msomaji asitozwe. Azimio la Budapest la mwaka wa 2002, ambalo ndilo lililoupa uchapishaji huria jina na mwelekeo, halikumlazimisha mwandishi kulipa. Lilitaja vyanzo vingi vya fedha, vikiwemo vyuo na serikali. Amerika ya Kusini imethibitisha kuwa jambo hilo linawezekana. Mradi wa SciELO ulianza Brazili mwaka wa 1998, na Redalyc ukaanza Meksiko mwaka wa 2003. Majarida mengi yaliyomo hutegemea vyuo vya umma na huandikwa kwa Kihispania na Kireno. Katika fani za sanaa, Open Library of Humanities ya Uingereza ilianza kuchapisha mwaka wa 2015 kwa michango ya maktaba nyingi, bila kumtoza mwandishi. Hata Swahili Forum, jarida lililoanzia Cologne mwaka wa 1994, husomwa bure mtandaoni, nalo linalelewa na vyuo vya Ujerumani. Si aibu kwetu kulisoma. Aibu ni kuwa vyuo vyetu, ambavyo vina idara za Kiswahili, havijaona haja ya kufanya vivyo hivyo kwa majarida ya nyumbani.

Kwa hesabu za jarida nililolihariri, ada ile niliyoombwa kwa makala moja ingetosha kutoa toleo zima. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka wa 2013 iliazimia kutenga asilimia 2 ya pato la taifa kwa utafiti. Kiwango hicho hakijafikiwa, lakini mahitaji ya majarida ya fani zetu hayahitaji kukingojea. Yanahitaji idara kadhaa zikubaliane kuchanga kila mwaka, maktaba zitoe seva na mtu wa kuitunza, na kazi ya kuhariri na kutathmini ihesabiwe mtu anapoomba kupandishwa cheo.

Huenda msomaji akanirudisha kwenye hoja yangu ya awali: iwapo anayegharimia ndiye anayeamua, je, idara haitakuwa mfalme mpya wa Pate? Hatari hiyo ipo. Ndiyo maana ninasisitiza idara kadhaa badala ya moja, ili asiwepo mmoja anayeweza kulinyamazisha jarida kwa kufunga mfuko wake.

Hitimisho

Jarida nililolizungumzia liliiondoa ada ile baada ya mjadala mrefu. Sasa hutoka mara moja kwa mwaka badala ya mbili, na kurasa tunazipanga wenyewe, si kwa ustadi mkubwa. Mwandishi hatozwi chochote. Nimemwandikia yule mtafiti wa vugo kumwomba radhi, na kumwomba pia atuletee mswada wake wa kwanza, ule wa Kiswahili wenye nyimbo zote, ikiwa angali nao. Hajanijibu, nami simlaumu. Nafasi yake katika toleo lijalo nimeiacha wazi.