Baridi ya Vuria na Nguo za Mwanetu



Sisi watu wa mwambao baridi twaijua kwa jina tu. Kusi livumapo mwezi wa Julai tukaongeza shuka moja kitandani, twadhani tumekionja kipupwe chote. Ndiyo sababu, tulipoazimia likizo ya Agosti iliyopita kwenda Taita kuukwea mlima Vuria pamoja na binti yetu wa mwaka mmoja na nusu, bibi yake alitukanya.

“Huyu ni mtoto wa joto,” alisema. “Baridi ikimwingia kifuani mtanijibu nini?”

Tulimjibu kwa kumwonyesha jaketi zito tulilomnunulia. Alilitazama, asiseme neno.

Tulipita Voi na Mwatate, tukapanda ile barabara ya mapindo hadi Wundanyi, tukalala huko. Vuria ndicho kilele kirefu kuliko vyote vya Taita, mita 2,208 kutoka usawa wa bahari. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua takriban nyuzi 6. Kwa hivyo Mombasa ikiwa na nyuzi 27, kileleni huwa kama 14. Si baridi ya theluji. Ni baridi ya wastani, na huo wastani ndio uliotughuri.

Asubuhi ile ya ukungu tulimvika fulana ya pamba, jaketi zito juu yake, na soksi jozi mbili ndani ya viatu vilivyombana. Alitembea kidogo kwa furaha, mashavu yakamwiva, nasi tukajipongeza. Alipochoka, baba yake akambeba mgongoni kwa leso. Tulipotokeza penye upepo alianza kulia, kisha akanyamaza. Kilio tulikizoea, ukimya ule ndio uliotutisha.

Tulijibanza nyuma ya jabali, tukatia mkono ndani ya jaketi. Fulana ilikuwa imelowa jasho, nayo imekuwa baridi kama kitambaa kilichotoka mtungini. Papo hapo tukaanza kulaumiana. Mmoja wetu alisema tumemvika nguo nyingi mno, mwenziwe akasema chache mno. Kumbe sote tulikosea, kwani kosa lilikuwa katika aina ya nguo na mpangilio wake. Tulimvua fulana, tukamkausha, tukamfunga leso kavu na kumweka kifuani pa mama yake, ndani ya sweta na buibui. Hazikupita dakika nyingi, alhamdulillah, akatoa kichwa na kudai mahamri. Tukateremka bila kukiona kilele.

Mwenyeji wetu, mama wa makamo aliyelea watoto wake katika vilima vile, alitusikiliza mpaka mwisho bila kutucheka.

“Wanangu,” alisema, “pamba ikinywa jasho haikauki upesi, humganda mtoto mwilini. Mvalisheni sufu nyembamba ndani, sweta katikati, na juu jaketi jepesi lisilopitisha upepo wala mvua. Akipata joto mumvue moja, akipoa mumrudishie. Tena mkumbuke kuwa anayebebwa hatembei. Ninyi mwatoka jasho, yeye amekaa tu. Mwongezeeni nguo moja zaidi ya mliyovaa ninyi.”

Alitufunza pia kwamba viganja na pua ya mtoto hupoa upesi hata kama mwili una joto. Pa kumpapasa ni ukosi, yaani nyuma ya shingo. Pakiwa na unyevu, amezidishiwa nguo. Pakiwa baridi, amepungukiwa. Soksi jozi moja ya sufu katika kiatu chenye nafasi hushinda jozi mbili zinazobana, maana mguu uliobanwa damu haiuzunguki vyema. Kofia ifunike masikio. Na nguo za akiba ziwe ndani ya mfuko usiopenya maji, kwani ukungu hulowesha kama mvua.

Hatukuhitaji mali nyingi. Sweta ya sufu tuliipata kwenye mitumba kwa bei nafuu, na jaketi lile zito tukaliacha chumbani. Siku ya tatu tulipanda tena, tukisimama kila baada ya muda mfupi kumpapasa ukosi. Tulikuwa tumeafikiana kabla ya kuondoka kwamba akinyamaza kwa namna tusiyoielewa, au akitetemeka, tutarudi bila mjadala, hata kama kilele ki mbele ya macho yetu.

Tukipanda tulileta takbiri, na tukiteremka tulileta tasbihi, kama walivyofanya Maswahaba katika safari zao. Kileleni ukungu ulifunguka kidogo, binti yetu akanyoosha kidole kuelekea mabonde, akasema “maji!” Kwa mtoto wa pwani, kila kilicho mbali na cha rangi ya buluu ni bahari.

Tulipofika nyumbani, bibi yake alimpokea mlangoni. Kabla ya kutuuliza habari za safari, alipitisha mkono nyuma ya shingo ya mjukuu wake, akautuliza hapo kitambo, kisha akatabasamu. Tukatazamana. Elimu tuliyoifuata Taita ilikuwa barazani kwetu siku zote, ila siku ile ya jaketi hatukuuliza.

Watoto ni amana. Tuwatembeze waione ardhi ya Mola wao, na kabla ya kufunga safari tuwaulize waliotutangulia kulea.