Rangi ya mwezi wa tano



Hapa Hewa Bora nyumba nyingi hupata rangi mpya mwezi wa kumi na mbili. Noeli inakaribia, Bonane iko nyuma yake, wageni watakuja, na hakuna mama anayependa mashemeji wakute ukuta wa mbele una madoa. Ndiyo maana zamu ya likelemba ya mwezi huo tunaigombea kuliko zote. Leo nataka kusema juu ya zamu ambayo hakuna anayeigombea, ile ya mwezi wa tano.

Tuangalie kwanza hali ya mji wetu. Lubumbashi iko juu, karibu meta 1200 kutoka usawa wa bahari. Mainza inatunyeshea sana kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu. Mwezi wa nne mvua inapungua, na mwezi wa tano ni kama imekwisha. Kisha baridi inaingia. Mwezi wa sita na wa saba mchana jua linawaka vizuri, lakini usiku joto linaweza kushuka chini ya digrii 10. Rangi ya maji haipendi baridi ya namna hiyo. Haishikani vizuri, na baadaye ukipitisha mkono ukutani unabaki na unga kwenye vidole. Mwezi wa nane na wa tisa upepo unapeperusha vumbi jekundu, linanasa kwenye rangi mbichi. Mwezi wa kumi ni joto kali, rangi inakauka juu kabla ya kushika ndani. Halafu mvua imerudi. Ukihesabu hivyo unabaki na majuma machache tu: ukuta ukishamaliza kukauka, na baridi ikiwa haijashika.

Na Noeli? Noeli iko katikati ya mvua. Rangi tunayopaka wakati huo tunaipaka juu ya ukuta uliokunywa maji majuma mengi.

Kwa nyumba ya bloku za simenti hasara ni ya pesa: rangi inavimba, inabanduka, unanunua kopo lingine. Kwa nyumba ya matofari mabichi hasara ni nyingine. Nyumba yetu baba mkwe aliijenga kwa matofari mabichi, kwa udongo wa kichuguu kilichokuwa ndani ya parsele yenyewe, kama wazee wengi wa Katanga walivyofanya. Ni udongo mzuri, unashikamana. Lakini tofari bichi linabaki kuwa udongo. Likiwa kavu linabeba manjanja na mbao bila shida. Likilowa linakuwa laini, na halikwambii.

Katika barabara yetu kuna nyumba ya namna hiyo iliyopakwa rangi ya mafuta siku chache kabla ya Noeli. Ilipendeza kweli. Maji ya manjanja yalikuwa yanaanguka karibu na msingi, yanaruka, yanaingia chini ya ukuta. Rangi ya mafuta ni kama kumvalisha mtu aliyelowa koti la mpira: unyevu haupati njia ya kutoka. Kwa nje ukuta ulibaki unang'aa, hakuna aliyeona kitu. Mwezi wa pili, usiku wa mvua, chumba cha nyuma kilianguka. Watoto watatu wanaolala humo walikuwa wamehamia sebuleni usiku huo kwa sababu manjanja yalikuwa yanavuja juu ya kitanda chao. Kuvuja ndiko kulikowaokoa. Nilikwenda asubuhi na wamama wengine kusaidia kutoa vitu. Vipande vya ukuta vilikuwa na rangi nzima upande mmoja, na upande wa pili ni tope.

Tangu siku ile nikipita mbele ya nyumba iliyopakwa vizuri naangalia chini kwanza, pale ukuta unapokutana na udongo.

Kwetu, kazi ya mwezi wa tano inaanza kabla ya kununua rangi. Mimi na mume wangu tunazunguka nyumba kuanzia juu mpaka chini. Manjanja yamefika mbali na ukuta, au maji yanaulamba? Nyufa ziko wapi? Maji ya mvua yalikuwa yanasimama wapi? Pale yaliposimama tunachimba mfereji mdogo na kuweka changarawe, maana matone yanayoanguka kwenye udongo mtupu yanarusha tope ukutani, yakianguka kwenye changarawe yanatulia. Nyufa tunazijaza kwa udongo wa namna ile ile ya tofari. Simenti juu ya tofari bichi haishikani nalo: ni ngumu kuliko mwenzake, inaachana naye, na maji yanapita katikati.

Kisha tunapima unyevu. Unabandika kipande cha plastiki ukutani, chini karibu na msingi, unaziba kingo zake zote kwa utepe wa kunata, unakiacha mpaka kesho. Asubuhi ukikuta matone upande unaogusa ukuta, maji bado yanatoka ndani. Ngojea juma moja, pima tena. Ukiona unga mweupe kama chumvi, ni chumvi kweli iliyoletwa na maji. Uondoe kwa brosi kavu. Ukiuosha, chumvi inarudi ndani.

Kwa matofari mabichi mimi nachagua chokaa. Nchi yetu inayo: mawe ya chokaa yanachimbwa Kakontwe, karibu na Likasi. Chokaa inaacha ukuta upumue, na bei yake haifanani na ya rangi ya kopo. Ipakwe nyepesi kama maziwa, mara tatu au nne, kila mara ikauke kwanza. Upande unaopigwa na jua kali ungojee kivuli, na kazi iishe jua likiwa bado juu, ili usiku usiikute mbichi. Mkichanganya chokaa isiyozimwa, tieni chokaa ndani ya maji kidogo kidogo, msimwage maji juu ya chokaa, kwa sababu inachemka na kuruka. Inachoma macho na ngozi, basi watoto wakae mbali.

Neno moja juu ya kukwangua rangi ya zamani. Rangi nyingi za mafuta za miaka iliyopita zilitiwa madini ya risasi, ambayo wengi tunayajua kwa jina la plombe. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na mtoto mdogo inamharibu ubongo. Sisi wa Katanga tuna vumbi letu la kutosha: mwaka 2009 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, walitangaza kwamba watu wanaoishi chini ya kilometa 3 kutoka machimbo na viwanda walikuwa na kobalti, risasi na madini mengine mengi kwenye mkojo kuliko wanaokaa mbali. Tusiongeze vumbi la ukuta wetu wenyewe. Lowesha rangi ya zamani kabla ya kukwangua, usiisugue ikiwa kavu. Tandika plastiki chini, kusanya vipande vyote, nawa mikono kabla ya kugusa bukari.

Mume wangu aliniuliza mara ya kwanza: sasa wageni wa Noeli watakuta rangi ya miezi saba? Ndiyo, watakuta hivyo. Rangi iliyoshika kwenye ukuta mkavu inafika Noeli ikiwa bado na sura. Sehemu inayochafuka ni chini, nusu meta hivi, pale tope linaporuka. Kwa hiyo tunaipaka rangi ya giza, nyekundu ya udongo, kama mnavyoona kwenye nyumba nyingi za mji huu. Siku mbili kabla ya Noeli naipangusa kwa kitambaa kilicholowa kidogo, basi.

Sasa nakuja kwa ombi langu. Likelemba yetu inapanga zamu kwa kura. Naomba tupange zamu za mwezi wa nne na wa tano kwa namna nyingine: ziende kwanza kwa wamama wanaokaa ndani ya matofari mabichi, na kati yao kwanza wajane, na wale ambao watoto wao wanalala upande wa nyuma, ambako hakuna mgeni anayeangalia. Aliye mpangaji naye aende kuongea na mwenye nyumba mapema, kabla ya baridi, akiwa na wamama wawili pamoja naye.

Mwaka huu kura imenipa mimi mwezi wa tano. Ukuta wangu niliupima juma lililopita, plastiki ilikuwa kavu, na nyufa ni ndogo za kujaza kwa mkono. Naweza kungojea. Zamu hiyo naitoa kwa mama mwenye chumba cha nyuma kilichoanguka, maana kuta tatu zilizobaki bado zimevaa lile koti la mpira, na watoto wake bado wanalala sebuleni.