Gemu thiori bila refa, wee acha tu!

Msomaji wangu, kama hujawahi kufanya kazi ya kutoa kopi jirani na geti la chuo kikuu, basi kuna elimu imekupita. Watu wanadhani siri za wasomi ziko maktaba. Wapi! Siri za wasomi ziko steshenari. Pale ndipo utajua nani anasoma kweli, nani anasoma usiku wa kuamkia mtihani, na nani bumu limemwishia wiki ya pili na sasa anaomba akopeshwe kopi za kurasa sita. Mie nilikaa pale muhula mzima mwaka 2023, cheti changu cha kidato cha sita kikiwa kabatini, nikashuhudia kozi moja inavyowatoa watu jasho. Hadi leo nikiikumbuka nacheka, lakini roho inauma.

Chuo sikitaji, na jina la lekchara halitoki mdomoni mwangu. Sheria ya kwanza ya mtoa kopi ni kufunga domo.

Kozi yenyewe inaitwa Nadharia ya Michezo, wao wenyewe wakiiita gemu thiori. Kuna jamaa waliichagua kwa sababu ya jina tu, wakidhani watapiga stori za Simba na Yanga mpaka muhula uishe. Kumbe ni hesabu! Ni hesabu za jinsi watu wanavyoamua mambo pale ambapo faida yako inategemea pia mwenzako atafanya nini. Chukua daladala mbili zinazokutana kwenye njia nyembamba. Mmoja akimpisha mwenzake, wote wanapita. Wote wakipishana kwa adabu, wanapoteza muda. Wote wakilazimisha, ni vioo chini na abiria kulia. Huo ni mchezo. Wewe na mpenzio mliogombana jana, kila mtu ameshika simu anasubiri mwenzake aanze kutuma meseji, nao ni mchezo. Tena huo ni mgumu kweli.

Elimu hii si ya jana. Mwaka 1944 John von Neumann na Oskar Morgenstern walitoa kitabu kinene kilichoifanya ijulikane. Mwaka 1950, kijana wa miaka 21 pale Princeton, Marekani, aitwaye John Nash, akaandika tasnifu ya udaktari isiyofika kurasa 40. Nilipoambiwa hivyo nikaipigia hesabu za dukani: kopi moja shilingi 100, tasnifu nzima haifiki hata shilingi 4,000! Kwa kurasa hizo chache Nash akaonyesha kwamba kwenye michezo ya namna hii kuna mahali pa kutulia, ambapo hakuna mchezaji anayepata faida kwa kubadili uamuzi wake peke yake wakati wenzake wamebaki na wa kwao. Mwaka 1994 akapewa Nobeli ya uchumi pamoja na John Harsanyi na Reinhard Selten. Ndiye huyo aliyechezewa sinema ya A Beautiful Mind mwaka 2001.

Sasa shika jambo moja hapo. Mahali pa kutulia si lazima pawe pazuri. Watu wanaweza kutulia wote kwenye shimo, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kutoka. Hilo ndilo lililotokea kwenye kozi hii.

Wiki mbili za kwanza hakuna aliyetokea kufundisha. Wiki ya tatu lekchara akaja, akaandika ubaoni kwa saa nzima, akaondoka. Kitini kilicholetwa kwangu kilitoka ukurasa wa 12 kikarukia wa 31. Nikatoa kopi themanini na ushee. Kesho yake watu wakanijia juu: "Braza, umeruka kurasa!" Nikawaambia imekuja hivyo hivyo. Hakuna aliyeniamini mpaka nilipowaonyesha karatasi mama. Ukiendelea kusoma unaambiwa "rejea mchoro wa hapo juu". Mchoro wenyewe haupo juu wala chini.

Halafu ikaja testi. Tangazo liliingia kwenye kundi lao la WhatsApp saa 4 usiku, testi yenyewe saa 1 asubuhi. Swali kubwa lilihusu mkakati wa kuchanganya, yaani pale ambapo mchezaji anaamua kwa kubahatisha, kama mpiga penalti asiyetaka golikipa ajue atapiga upande gani. Mada hiyo ilikuwa kwenye zile kurasa zilizorukwa. Binamu yangu, ambaye alikuwa mwaka wa tatu, alitoka chumba cha mtihani akaja moja kwa moja dukani, akakaa kwenye ndoo ya karatasi chakavu, akanyamaza. Huyu ni mtoto ambaye shangazi amemsomesha kwa mchicha na matembele. Chuoni yuko kwa mkopo wa serikali. Kozi ikimgomea anaingia sapu, sapu ikigoma wenzake wanavaa joho yeye anabaki, na deni la mkopo linamsubiri palepale. Hapo ndipo nilipoacha kucheka.

Kilichofuata ndicho kilichonifungua macho. Kwanza akaja kaka mmoja, akaangalia kushoto na kulia, akatoa flashi. Mle ndani mna majibu ya mitihani ya miaka ya nyuma. "Braza Kopi, nitolee moja tu, na usimpe mtu." Nikamwahidi. Kesho yake akaja dada mmoja na zile kurasa za 13 mpaka 30, kazitoa kwa ndugu yake wa chuo kingine. "Kaka yangu, hii isionekane." Nikamwahidi. Wa tatu alikuwa na daftari la mtu aliyemaliza mwaka juzi. Wa nne alimrekodi lekchara kwenye simu akayaandika yote. Wa tano alikuwa na hesabu zilizokokotolewa hatua kwa hatua. Ndani ya wiki moja kozi nzima ilikuwa imepita kwenye mashine yangu, vipande vitano, na kila mwenye kipande aliamini anacho peke yake! Sababu ya kufichana ilikuwa uvumi kwamba lekchara hutoa A chache tu, hivyo ukimsaidia mwenzako unajikata mguu.

Bila kumtajia mtu, nikamuuliza binamu: hivi watu wakificha madesa, gemu thiori inasemaje? Akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Akachukua risiti, akachora jedwali nyuma yake. Akasema wapo watuhumiwa wawili, kila mmoja kwenye chumba chake. Wote wakinyamaza, kila mmoja anafungwa mwaka 1. Mmoja akimchoma mwenzake na mwenzake akanyamaza, aliyechoma anaachiwa, aliyenyamaza anakula miaka 10. Wote wakichomana, kila mmoja anakula 5. "Haya, we ungefanyaje?" Nikapiga hesabu. Mwenzangu akinyamaza, nikimchoma naachiwa. Mwenzangu akinichoma, nikimchoma napata 5 badala ya 10. Kila upande naambiwa choma! Naye mwenzangu anapiga hesabu hiyo hiyo. Mwisho wote tunakula miaka 5 wakati tungekula mmoja. Akaniambia mchezo huo ulibuniwa na Merrill Flood na Melvin Dresher mwaka 1950, na hadithi ya wafungwa akaiongeza Albert Tucker mwaka huo huo.

Nikatazama lile jedwali, nikatazama mashine. Si ndiyo haya haya!

Wakati huo CR wao alikuwa ameandika barua ya malalamiko kwa mkuu wa idara, akaiacha kwangu ili watu wapite wasaini. Siku mbili barua iko mezani, safi kama shuka ya hoteli. Kila mtu anakuja, anaisoma, anatikisa kichwa kwa uchungu, anasema "nitarudi". Hakuna anayetaka jina lake liwe la kwanza. Kila mmoja anataka malalamiko yafike, ila yafikishwe na mwingine.

Ndipo kijana mmoja msomaji wa historia akatoa mpya. Akasema karne ya 18 mabaharia wa Uingereza wakitaka kumlalamikia nahodha walisaini kwa duara, ili asijulikane nani alianza. Nikachukua kifuniko cha ndoo, nikachora duara chini ya barua. Binamu akaongeza sharti: karatasi ikae kwangu, mtu wa nje nisiye na mtihani, na majina yasipofika 40 niichane mbele yao. Kwa hiyo ukisaini na wenzako wakakimbia, hakuna atakayejua ulisaini. Msomaji, ile karatasi iliyokaa siku mbili bila wino, kabla ya magharibi ilikuwa na majina 63, yamezunguka kama ukili wa mkeka!

Hapo nikapata akili. Nikawafuata wale watano, mmoja mmoja, nikawaambia: chako ninacho, na vipo vingine usivyovijua. Ukikubali chako kiingie, utapata vyote. Ukikataa, siri yako inabaki siri, wala sikuchukii. Hakuna atakayetoa bure akaondoka mikono mitupu, kwa sababu sitoi kipande mpaka nimekusanya. Wanne wakakubali palepale. Wa tano, yule wa hesabu, akakataa. Nilimtunzia siri yake kama nilivyomwahidi. Siku nne kabla ya mtihani akaja mwenyewe na karatasi zake, hakusema neno, akaziweka mezani. Tukazibaindi zote, darasa zima likapata.

Sikuwafanyia mahubiri ya umoja. CR alikuwa ameshahubiri umoja tangu wiki ya kwanza na wakamwitikia kwa makofi. Kilichokosekana ni utaratibu ambao ukifanya wema huonekani mjinga.

Binamu alinisimulia pia shindano la Robert Axelrod wa Marekani. Karibu na mwaka 1980 aliwaita wataalamu walete programu za kompyuta zicheze ule mchezo wa wafungwa mara nyingi mfululizo. Iliyoshinda ilikuwa fupi kuliko zote, ya Anatol Rapoport. Ilianza kwa wema, halafu ikawa inamfanyia mwenzake kile alichofanyiwa raundi iliyopita. Siri yake ni kwamba mnakutana tena. Ukinitenda leo, kesho nipo. Nikaelewa kwa nini wale wa mwaka wa tatu walikuwa wachoyo kuliko wadogo zao wa mwaka wa kwanza. Ulikuwa muhula wa mwisho, wakidhani hawatakutana tena. Walisahau kwamba mji huu ni mdogo, na anayekunyima desa leo kesho mko naye foleni moja mnasubiri kuitwa kwenye usaili.

Barua ilifanya kazi yake. Mkuu wa idara aliwaita. Ikabainika kwamba lekchara mwenyewe alitupiwa kozi ile wiki moja kabla ya muhula, juu ya nyingine mbili alizokuwa nazo. Naye alikuwa kwenye mchezo wake, akificha kwamba amelemewa asije akaonekana hawezi. Testi ikafutwa na kufanywa upya. Wakaongezewa vipindi vya Jumamosi, kurasa zilizopotea zikaletwa. Na ule uvumi wa A chache? Lekchara alishangaa kuusikia. Hakuwa amepanga idadi yoyote.

Binamu alipata C. Wapo wanne walioingia sapu, kwa sababu wiki chache haziwezi kufuta uozo wa muhula mzima. Na mie sisemi kozi mbovu ni nzuri kwa kuwa inafundisha maisha. Hapana! Watu walilipa ada na serikali ikatoa mkopo ili wafundishwe darasani.

Nawe msomaji uliyepanga chumba Sinza au Mbagala, najua unaujua mchezo huu. Nyumba ina wapangaji sita na LUKU moja. Kila mtu anasubiri mwenzake anunue umeme, pasi zinawaka, friji zinanguruma, mwisho wa siku nyumba nzima giza. Mtakaa ukumbini mlaumiane uchoyo mpaka asubuhi. Acheni lawama. Tafuteni mtu mmoja ashike hela, wekeni siku, na kubalianeni kwamba pasipotimia kila mtu anarudishiwa chake. Mtashangaa hao mliowaita wachoyo wanavyokuwa wa kwanza kutoa.

Haya, tukutane wiki ijayo Mungu akipenda. Na kama umegombana na mpenzio, anza wewe kutuma hiyo meseji. Mtakutana tena.