Kalamu ya Mwembe wa Mtoni

Msafiri atokaye Malindi akielekea Garsen huvuka daraja la Sabaki, akaipita Mambrui, akaiona chumvi ya Gongoni imelundikwa kama vilima vyeupe, kisha bahari humwacha. Kuanzia hapo ni vichaka, vumbi na ng'ombe wa Waorma, hata afike njia panda ya Minjila. Hapo barabara hugawanyika: moja huuvuka Mto Tana kwenda Witu na Lamu, nyingine huendelea Garsen, Hola na Garissa. Sisi tuliishika hiyo ya pili, na Garsen haikuwa mbali tena.

Mto Tana, ulio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, hushuka kutoka Nyandarua na Mlima Kenya, ukaja kumwaga maji yake Kipini. Kabla ya kuifikia bahari hujitandaza. Wapokomo hulima mpunga, ndizi na miembe kingoni mwake, na wafugaji hushuka na mifugo yao wakati wa kiangazi. Mwaka 2012 delta hii iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye thamani kwa dunia nzima. Mwaka huohuo wenyewe kwa wenyewe waliuana kwa ajili ya maji na malisho, na waliokufa walipita 100. Wenyeji hawapendi kuyarudia, nasi hatukuwauliza.

Kilichotupeleka ni mama mmoja wa vijiji vya mtoni, ambaye tumewasomesha wanawe chuoni. Binti yake mkubwa alikuwa amepata nafasi ya kusomea ualimu Shanzu, na basi lake lilikuwa la alfajiri ya pili yake. Mama alikuwa amemfanyizia kalamu ya mti. Kalamu ilikuwa na ila, naye alituomba tumsindikize kwa fundi, kwa kuwa aliona haya kwenda kulalamika peke yake.

Wasomaji wetu watauliza, kwani kalamu hazipo madukani? Zipo, tena kwa bei ya andazi. Lakini ubao wa kalamu hii ulitoka katika mwembe uliopandwa na babu yake binti, uliokuwa kivuli cha nyumba yao, na ambao mafuriko ya Novemba 2023 yaliuchimbua mizizi ukaanguka. Nyumba ya udongo ilikwenda na maji. Ndugu zake walipasua shina wakapata kuni, na mama akaweka kipande kimoja kisichozidi urefu wa mkono. Kwa hiyo, mti ule ukipasuka mikononi mwa fundi, hakuna wa pili.

Fundi mwenyewe ni kijana mwenye keezo ya umeme katika kibanda cha mabati. Kazi yake ya kila siku ni kukereza mathenge. Mti huo si wa asili ya kwetu. Uliletwa pwani mwaka 1973 kuotesha machimbo ya mawe karibu na Mombasa, na katika miaka ya 1980 ukapandwa Bura na Hola ili watu wa skimu za umwagiliaji wapate kuni. Leo umefunga njia za maji na kula malisho, mwiba wake hupenya kandambili, na mbuzi wazidishao kula maganda yake matamu huharibika meno. Tana yote inaulaani. Lakini ukiukata ukaukereza, hutoka mti mgumu wa rangi ya tende, usiopindika upesi ukikauka. Tulivishika vibweta na vifuniko alivyofanya, tukakiri kwamba tuliyekuwa tukimlaani ana uzuri wake wa ndani.

Kukereza si kazi ngeni kwa watu wa mwambao. Miguu ya vitanda vya Lamu na Siyu ilikerezwa tangu zamani, na Siyu hiyohiyo ilisifika kwa waandishi walionakili misahafu kwa mkono. Kalamu yao ilikuwa tete lililochongwa kwa kisu. Lilipofifia ncha, walilichonga tena. Halikuwa na la kufunguliwa. Wale waliopitia ubao na wino wa masizi wanaijua raha hiyo.

Kalamu ya fundi wetu ina mambo zaidi. Ni mapande mawili ya mti, na ndani ya kila pande umegandishwa mrija wa shaba ya manjano. Pande la chini hupokea ncha upande mmoja, na upande wa pili hushindiliwa kifaa kinachozungushwa ili wino utoke na kuingia. Mrija wa wino hupita ndani ya kifaa hicho ukakazwa kwa juu, kisha pande la juu huvikwa. Uzuri wote na ubaya wote umo katika kushindilia. Kifaa kikibaki nje mno, ncha haitokei. Kikizama mno, ncha haijifichi kamwe.

Hiki kilikuwa kimezama. Mama aliizungusha kalamu mbele ya fundi, ncha ikabaki nje, akaonyesha doa la wino katika kitambaa chake. Hakusema neno. Kijana aliitazama, akasema, "Sheikh, kosa ni langu. Nilikuwa nikiwahi umeme usikatike. Na hii ncha niliitia tone la gundi, niliona inalegea." Tulipendezwa na jibu lile kuliko tungalivyopendezwa na udhuru.

Gundi ndiyo iliyotutia hofu. Pasipo gundi, huondolewa wino, ukapenyezwa msumari mwembamba usio na ncha ndani ya kifaa mpaka uguse ncha kwa ndani, ukagongwa taratibu, ncha ikatoka. Penye gundi, mgongo wa mti ndio unaochukua pigo. Fundi alivuta pande la juu likatoka, akaufungua mrija wa wino. Akachukua pasi ya kulehemu, akaigusisha kwenye chuma cha ncha peke yake, akihesabu kimoyomoyo, akiondoa na kurudisha. Moto ukizidi, mti hupasuka. Ukipungua, gundi hailegei. Mama aligeuka akatazama barabara. Nasi tuliona aibu kumtazama.

Alifunga kitambaa kwenye kiganja, akalishika pande la mti, wala hakulibana kwenye jiliwa, kwa sababu jiliwa halisikii. Akagonga mara tatu. Mara ya nne ncha iliruka ikaanguka sakafuni, na mti ukabaki mzima. Akaupitisha msumari mnene kutoka upande uliokuwa na ncha, akakirudisha nyuma kile kifaa kidogo kidogo, kama milimita mbili hivi, akipima kila mara kwa mrija wa wino. Alikwangua gundi iliyoganda. Ncha alipoirudisha hakutia gundi tena. Alizungushia ukingo wake uzi mmoja wa pamba akaishindilia kwa mikono miwili. Nuru ya mti ilikuwa imefifia kidogo pale palipopata moto, naye akapasugua kwa nta hadi pakafanana na pengine.

Kabla ya kuyaunganisha mapande mawili, aliyageuza mpaka mistari ya mwembe ikakutana, wa juu ukaingia wa chini kama kwamba hapakukatwa. Mara ya kwanza hakuwa amefanya hivyo. Kisha akampa mama.

Alizungusha, ncha ikatoka. Alizungusha, ikaingia. Alifanya hivyo mara nyingi kuliko haja, akaandika jina la bintiye nyuma ya risiti ya basi, akaikunja. Alipouliza anadaiwa nini, kijana alitikisa kichwa.

"Basi mwanangu," akasema mama, "kile kipande cha mti kilichobaki unacho?"

Alikitafuta chini ya maranda. Kilikuwa kifupi, chatosha kalamu moja na salio la kidole. Mama alikifunga katika pembe ya leso, akatuambia kwamba mdogo wake yule binti yuko darasa la sita.