Tulipoipoteza Ndege Kusini mwa Tabora

Simu ya kwanza haikutoka kwa waongoza ndege wala kwa rubani. Ilitoka kwa mke wa abiria. Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 2019, mvua zimeshaanza upande wa magharibi, saa sita mchana na dakika zake. Mama huyo alipiga namba ya ofisi yetu ya ndege za kukodi pale uwanja wa zamani wa Dar es Salaam, akauliza kwa upole kabisa: "Samahani dada, eti ndege ya mume wangu imeshafika Mpanda? Dereva aliyekwenda kuwapokea anasema haoni kitu."

Nilikuwa najua kuwa haijafika. Ilikuwa Cessna Caravan yetu, imebeba watafiti wa madini saba na marubani wawili. Iliondoka Tabora baada ya kujaza mafuta, saa nne na dakika ishirini, na ilitakiwa kutua Mpanda kwenye saa tano na dakika kumi. Mara ya mwisho kapteni alisikika akitaja kimo chake, kisha kimya. Tulishawapigia Tabora na Mpanda, na waongoza ndege walishaanza utaratibu wao. Huo ni wa dunia nzima: dakika thelathini zikipita bila mawasiliano yaliyotegemewa, ndege inaingizwa katika hatua ya mashaka, baadaye tahadhari, mwisho hatari. Kila hatua inawaamsha watu wengi zaidi. Ilipofika simu ya yule mama, tulikuwa hatua ya pili.

Faili jekundu la mpango wa dharura lilikuwa limefunguliwa mezani. Lazima niseme lilivyopatikana, kwa sababu halikutokana na busara yetu. Kampuni ya uchimbaji tuliyotaka kuihudumia ilisema wazi kwamba bila kukaguliwa kwa viwango vya BARS, vile vya Flight Safety Foundation vilivyotungwa kwa ajili ya ndege zinazobeba watu wa madini na mafuta, hakuna mkataba. Mojawapo ya masharti lilikuwa mpango huo wa dharura. Mkurugenzi wetu akanunua mpango uliokwisha kuandikwa nje, akabadilisha jina kwenye jalada. Ulikuwa na ukurasa mzima wa jinsi ya kuondoa theluji ili magari ya zimamoto yapite.

Tungeendelea hivyo hivyo kama si rubani mmoja mstaafu aliyeletwa kututayarisha kwa ukaguzi. Mzee huyo aliuchana ule ukurasa wa theluji mbele yetu, akatufanyisha zoezi siku ya Jumamosi. Akasema: ndege imepotea, pigeni simu zote zilizoorodheshwa humu, sasa hivi, kwa simu zenu. Nyingi hazikupatikana. Moja ilipokelewa na mwenye duka la vipuri Kariakoo ambaye alikuwa ameuziwa laini hiyo zamani. Tulicheka sana siku hiyo, yeye hakucheka.

Alipenda kutusimulia habari ya Douala. Mei 2007 ndege ya Kenya Airways iliondoka mji huo wa Kamerun usiku wa manane, ikaanguka muda mfupi tu baada ya kuruka. Watu wote 114 walikufa. Utafutaji ulielekezwa mbali sana, misituni, kilomita zaidi ya mia moja. Mabaki yalikuja kuonekana karibu siku mbili baadaye, kwenye kinamasi cha mikoko kilomita kama tano kutoka mwisho wa barabara ya kurukia. Mzee alikuwa akigonga meza: anzia pale ilipojulikana kwa hakika mara ya mwisho, si pale unapohisi. Baada ya hapo alitulazimisha mambo mawili ambayo sisi tuliyaona madogo. La kwanza, kila kituo ndege inakoondoka, nakala ya orodha ya abiria ibaki chini, mkononi mwa mtu. La pili, namba ya simu ya ofisi yetu iandikwe kwa maka peni kwenye sanduku la huduma ya kwanza ndani ya kila ndege. Aliiandika mwenyewe, kwa tarakimu kubwa kama za bei ya nyanya.

Sasa nirudi kwa yule mama. Faili lilisema cha kumjibu, na nashukuru lilisema, maana kichwa changu kilikuwa kitupu. Uchukue jina lake, namba yake na uhusiano wake na abiria. Umwambie ukweli unaoujua: ndege imechelewa na inatafutwa. Umpe saa utakayompigia tena, umpigie saa hiyo hata kama huna jipya. Usithibitishe jina la mtu yeyote kuwa alikuwa ndani mpaka orodha ihakikiwe na watu wawili. Hilo la mwisho lilinitesa. Jina la mumewe lilikuwa mbele yangu, mstari wa nne, kwenye orodha ambayo ndege iliondoka nayo Dar. Akaniuliza mara tatu: "Lakini yumo, si ndiyo?" Nikamwambia, "Mama, nitakupigia saa saba kamili." Akalia, akakata simu. Wenzangu wawili walinitazama kana kwamba nimefanya ukatili.

Chumba chetu hakikuwa kikubwa. Simu moja ilitengwa kwa ndugu wa abiria, nyingine kwa waongoza ndege na kituo cha uratibu wa utafutaji na uokoaji, na kijana mmoja kazi yake ilikuwa kuandika tu: saa, nani amepiga, amesema nini. Mkurugenzi alitaka kuchukua ndege yetu nyingine akatafute mwenyewe. Mpango ulimkataza, kapteni mkuu naye akamshika mkono, akamwambia, "Bosi, tukipoteza ya pili nani atapokea simu?" Alikaa kitini akiwa na funguo mkononi. Kwenye saa saba zikaanza kuzunguka WhatsApp picha za ndege iliyovunjika, zikisemwa ni yetu. Haikuwa yetu. Hata bara halikuwa letu, ukitazama miti ya nyuma. Lakini watoto wa abiria mmoja walishaziona.

Tabora alikuwepo dada aliyetusimamia mambo ya uwanjani. Nilipompata, nilimwomba asome nakala yake jina kwa jina. Alifika mstari wa nne akasita. "Huyu alishuka. Alisema ana kazi ya siku mbili huku, akaingia gari la kwenda porini. Kapteni alikata jina lake, akaandika la mwingine kwa mkono." Akanitumia picha ya karatasi. Kweli: mstari wa nne umekatwa kwa kalamu ya bluu, pembeni jina jingine, na saini ya kapteni.

Saa saba kamili nikampigia yule mama. Alipiga ukelele nikausikia hata nilipoiweka simu mbali na sikio. Mumewe alikuwa nje ya mtandao, ndiyo maana hakupatikana. Lakini furaha hiyo ilinipita tu, kwa sababu mahali fulani ilikuwapo familia nyingine isiyojua kwamba ndugu yao alikuwa ndani ya ndege ile. Hawakuwa wakipiga simu. Walikuwa wanapika, wanapeleka watoto tuisheni. Katika mambo yote ya siku ile, hakuna lililonikaa kifuani kama hilo. Ilichukua zaidi ya saa moja kuwapata kupitia mwajiri wake, na kapteni mkuu ndiye aliyekwenda nyumbani kwao Tabata, na mtu wa kampuni ile, kwa sababu faili lilisema habari kama hiyo haipelekwi kwa simu ukiweza kufika.

Saa kumi na dakika arobaini jioni ikaingia simu ya namba ngeni. Mtandao unakatika katika, sauti ya mwanamume anayehema. "Hii ndege ni yenu? Namba nimeisoma kwenye sanduku." Alikuwa mrina asali. Yeye na wenzake walikuwa msituni kuangalia mizinga yao, wakasikia injini inakohoa kisha miti inavunjika. Walipofika wakawakuta watu wanatambaa. Mmoja wao akapanda baiskeli, akaenda mpaka kwenye kilima ambacho kila mtu wa eneo lile anajua kina mtandao. Nikamuuliza wangapi wanapumua. Akasema, "Wote, dada. Ila mwenye shati la mabega haamki, mgongo." Mtambo wa ishara ya dharura ulikuwemo ndani ya ndege, ila antena yake ilikuwa imeng'olewa na mti.

Wote tisa waliishi. Kapteni alivunjika uti wa mgongo, abiria wawili walivunjika miguu. Walibebwa kwa machela za miti, kisha kwa Land Cruiser mpaka hospitali ya wilaya, na kesho yake wakaletwa Dar. Wachunguzi wa ajali wakaja, wakachukua makabrasha yote, wakatuhoji kwa adabu.

Watu wanaposikia ushuhuda huu hudhani umeishia hapo. Kwetu sisi shida ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Bima ya ndege inalipa ndege, tena baada ya miezi, na baada ya mkadiria hasara kuuliza maswali yake yote. Haifidii mapato ya mteja aliyesimamisha mkataba mpaka uchunguzi uishe, na benki haisubiri. Mkopo wetu ulikuwa wa dola. Halafu Machi 2020 ugonjwa wa korona ukatangazwa nchini, watalii wakafuta safari zao, na tarehe 12 Aprili ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa hadi tarehe 18 Mei. Zilipofunguliwa, abiria hawakurudi siku hiyo hiyo.

Kilichotuvusha kilikuwa karatasi moja ya yule mzee, rejesta ya vihatarishi. Ajali ilikuwa mstari mmoja tu humo. Iliyobaki ilikuwa mambo yasiyo na kishindo: mteja mmoja analeta zaidi ya nusu ya mapato, deni ni la dola na baadhi ya wateja wanalipa shilingi, fundi mwenye leseni ya injini ile ni mmoja. Mbele ya kila mstari liliandikwa jina la mwenye kuubeba, si idara. Kwa mstari wa mteja mmoja, jina lilikuwa la mhasibu wetu, mtu mbahili anayehesabu hata majani ya chai. Alikuwa ametenga kwenye akaunti ya pembeni fedha za mishahara na marejesho ya miezi mitatu, zisizotoka bila saini mbili. Mwaka mmoja kabla ya ajali mkurugenzi alizitaka azitangulize kama malipo ya awali ya King Air ya mtumba. Mhasibu akakataa kusaini, wakanuniana wiki nzima. Fedha zile ndizo zilizotulisha. Mishahara ilikatwa nusu, marubani wawili wakaondoka, tukabeba vipuri na dawa kwenda migodini kwa bei ya kufidia mafuta tu. Benki ilikubali kusogeza marejesho kwa sababu tuliipelekea hesabu kabla haijatuita. Mkataba wa madini ulirudi mwaka uliofuata, mdogo kuliko mwanzo.

Novemba 6, 2022, ndege ya abiria ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na Bukoba, wakafa watu 19 kati ya 43, na wavuvi wakawa wa kwanza kuifikia, tulikaa mbele ya televisheni ofisini bila kusemezana. Kesho yake mkurugenzi aliagiza, bila kuombwa na mkaguzi yeyote, kila kiwanja tunapotua kiorodheshewe namba za watu wa jirani: wavuvi, warina asali, mwenyekiti wa kijiji, mwenye bodaboda.

Kapteni hakurudi kuruka. Anatembea kwa fimbo, na siku hizi tunakaa naye chumba kimoja cha operesheni. Yeye na mzee ndio walioandika mstari mpya kwenye rejesta baada ya kupitia daftari la simu la siku ile. Waliona kwamba tangu mchana mpaka alfajiri kila jibu lilitoka kwa mtu yule yule, na kwamba angeugua au kuzimia tungekwama, maana nusu ya namba zilikuwa kichwani mwake. Wameandika: "Kihatarishi namba saba: dada wa operesheni." Mwenye kuubeba ni mkurugenzi. Kwa hiyo kila mwaka napelekwa likizo kwa lazima, simu ya ofisi inabaki, na zoezi linafanyika nikiwa sipo. La mwisho walikosea mstari wa pili wa orodha, na kijana aliyekikalia kiti changu aliligundua mwenyewe kosa hilo kabla hajampigia mtu simu.